Lenzi ya Karibu, Lenzi ya Mbali

Jumanne, 3 Juni

Uzi hauingii. Nimelamba, nimekata, nimelamba tena. Tundu la sindano najua tu kwamba lipo, sijui liko wapi. Mwishowe nimetumia kile kiwaya cha kuvutia uzi nilichonunua ng'ambo ya mpaka, Bukavu. Mteja akiingia nakificha kwenye kopo la vifungo.

Hapa naandika kwa kalamu nene ya mabango. Herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, na bado kila mstari una kivuli chake.

Hasira ya juzi haijaisha. Jumapili ya kwanza ya mwezi akina maman wote wa kanisani huvaa sare. Kitenge kimoja, bluu yenye maua ya njano. Nilizishona mimi, zote, hapa hapa Kamembe. Siku nyingine mtu akija kwa mbali simwoni uso, lakini namjua kwa nguo, maana nguo nyingi za mji huu zimepita mikononi mwangu. Kijani yenye samaki ni Béatrice. Nyekundu ya vipepeo ni mke wa katekista. Nawaita kwa jina na hakuna anayeshtuka. Jumapili ya sare hila hiyo haifanyi kazi. Wote bluu. Nilipita katikati yao kama mtu anayepita shamba la mahindi.

Mmoja wao alikuwa Espérance, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Inasemekana alininyooshea mikono yote miwili. Nikampita. Baada ya misa akaniuliza mbele ya wote: “Maman Aimé, haukuniona?”

Mshonaji aseme haoni? Nani atamletea kitambaa tena? Afadhali waseme nina roho mbaya. Nikamjibu: “Nilikuona. Sikutaka.”

Sijuti.

Jumapili, 8 Juni

Espérance alikaa benchi la mbele. Nilimjua kwa kukohoa kwake. Mimi ni mkubwa kwake, na kwetu mdogo ndiye anayeanza salamu. Hakuanza. Basi, nami sikuanza. Anayetaka kununa anune, benchi ni refu.

Wakati wa kurudi moto, pikipiki ya kukodi, nusura inigonge pale kwenye mteremko. Dereva akanitukana kwa Kinyarwanda, nikamtukana kwa Kiswahili na Kimashi. Kabla sijafika nyumbani habari ilikuwa imemfikia Aimé, kijana wangu mkubwa. Mji huu mtu hawezi hata kukoswakoswa kwa siri.

Alikuja na kitambulisho chake cha mpakani bado kinaning'inia shingoni. Yeye ni deklara, kazi yake ni kupitisha mizigo ya watu forodhani, kwa hiyo hata mimi ananikagua kama lori. Alisimama mlangoni akainua vidole. Ngapi? Nilimwambia aondoke mlangoni, anaziba mwanga. Hakucheka. Jumatano tunakwenda hospitali.

Jumatano, 11 Juni

Benchi. Matone ya kuwasha. Benchi tena. Mashine ya kuwekea kidevu, mashine nyingine ya kuwekea kidevu.

Daktari ni mwanamke kijana, viatu vyake vinasikika kabla yake. Kwa Aimé anasema Kifaransa, kwa nesi Kinyarwanda, kwangu Kiswahili cha polepole kana kwamba nina homa ya kichwa. Nina mtoto wa jicho pande zote mbili. La kushoto limekomaa, ndilo litakaloanza. Halafu kuna jingine. Sehemu ya mbele ya jicho langu haikupinda sawasawa, upande mmoja umezidi. “Sawa avoka, si sawa chungwa,” akasema, yaani kama parachichi. Akiweka lenzi ya kawaida, ukungu utaondoka lakini vile vivuli vya herufi vitabaki. Ipo lenzi nyingine, wanaiita torique, inatengenezwa kwa ajili ya jicho lililopinda hivyo. Ila lazima ilale kwenye mstari wake. Ikizunguka, faida inapotea.

Nilimwelewa haraka kuliko alivyodhani. Kitenge chenye picha za ndege ukikikata kinyume, ndege wanalala chali. Sikumwambia. Hakuniuliza kazi yangu.

Kisha likaja swali lenyewe. Lenzi hii haijivuti kama jicho la kijana, umbali wake ni mmoja. Ama nione mbali wazi na nivae miwani kwa sindano na kitabu, ama nione karibu wazi na nivae miwani nikitembea. Ipo pia inayojaribu yote mawili, lakini inazungushia taa duara za mwanga, na kwa jicho kama langu yeye haishauri.

Aimé akajibu kabla sijameza mate. “Mbali, Docteur. Aone barabara.”

Mbele ya wageni mama hampingi kijana wake mkubwa. Ndivyo nilivyolelewa, kule Bukavu, na mama ambaye hakunionea huruma. Ukimpinga mbele ya watu umemvua nguo. Nikanyamaza, nikijua tutasemezana nje. Nje akawa kwenye simu, lori la mtu limekwama mpakani. Hatukusemezana.

Alhamisi, 12 Juni

Nataka karibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Nataka tundu la sindano. Nataka kuona kama uzi ni mweusi au ni bluu ya usiku bila kuupeleka mlangoni. Nataka vidole vyangu. Miwani ya kusomea nimewahi kuvaa, inateleza puani nikiinama kwenye cherehani, inashika mvuke wa pasi, na mteja akiiona anaanza kukagua pindo.

Watu wa mbali nimewaona vya kutosha. Nimewaona Bukavu, nimewaona hapa. Wenye shida wanakuja karibu wenyewe. Walioshiba wanapita ng'ambo ya barabara, na mimi nitoe jicho zima ili niwaone wakipita?

Jumapili, 15 Juni

Kikao cha familia, sebuleni kwangu, juu ya jicho langu. Nilikaanga sambaza, dagaa wa ziwani, mimi mwenyewe ili wapate nguvu ya kunijadili.

Aimé alimwita Espérance. Ni haki yake, shangazi ndiye anayesema kwa niaba ya baba aliyekufa. Alipanda kutoka Nkanka, anakoishi, na kanga ya kujifunika mabega, akakaa kwenye kiti cha mume wangu. Salamu aliitoa kwa nyumba nzima kwa jumla. Niliitikia kwa jumla.

Aimé alieleza kama anasoma hati ya forodha. Mbali, torique, jicho la kushoto. Kisha akamgeukia shangazi yake. Espérance alijifunga kanga upya, akasema: “Muache aone batu.” Na baadaye, akiangalia cherehani yangu pale kwenye kona: “Kushona, bengine batashona.”

Wengine, yaani yeye. Ndipo nilipoelewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu matanga ya kaka yake anaiangalia cherehani ile. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika sindano nilipokuwa bibi arusi na yeye bado msichana, na sasa anataka kiti changu nikiwa bado nimekikalia. Namchukia. Nimeandika, liwe limeandikwa.

Niliwaambia sambaza zimeisha, nikaenda kuosha sahani. Nadhani na hilo walilihesabu kuwa ni ndiyo.

Jumanne, 17 Juni

Suruali ya mwalimu, pindo la chini. Kitambaa cheusi, uzi mweusi. Nimeshona kwa kidole, natanguliza kidole cha shahada na mguu wa cherehani unafuata. Nimepapasa, limenyooka. Macho yangu yamehamia kwenye ngozi.

Na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Hata mmoja. Hilo Espérance aliweke kwenye kikao chake.

Jumamosi, 28 Juni

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Tulisafisha mtaro chini ya barabara. Nimeng'oa maharage ya mama mwenye nyumba ya pembeni nikidhani ni magugu. Nusu ya mstari. Wamecheka mpaka jembe la mtu likaanguka.

Jioni Aimé alikuwa ameshajua. Akasema, unaona, ndiyo maana nataka mbali. Maharage yalikuwa miguuni pangu, mjinga wewe. Hayakuwa Bukavu. Hilo nilimwambia wazi, kwa kuwa tulikuwa wawili tu. Akasema jambo limeshaamuliwa. Na nani, hakusema.

Jumatatu, 7 Julai

Nimepanda moto, nimekwenda hospitali peke yangu, nikisingizia kuuliza kama siku ya operesheni natakiwa kufunga. Nesi akasoma faili: jicho la kushoto, torique, mbali, Alhamisi hii. Nani alisema mbali? Kijana wako, Maman, alipiga simu kuthibitisha.

Kuthibitisha.

Niliingia kwa daktari bila zamu yangu. Mzee mmoja kwenye benchi alinung'unika, nikamwacha na manung'uniko yake. Nikauliza: “Docteur, hii jicho ni ya nani?”

“Ni yako, Maman.”

“Basi uniulize mimi.”

Akasema: “Nilikuuliza. Ulinyamaza.”

Ni kweli, na ukweli huo ulinikera kuliko uongo wowote. Nilimwambia kunyamaza kwangu si kukubali, ni adabu. Akaniangalia, nadhani aliniangalia, uso wake ulikuwa kama unga uliomwagika. Akauliza nafanya kazi gani. Hatimaye.

Akanipa kalamu nishike kama sindano, mahali ninapoishika kila siku. Akachukua tepu akapima kutoka jichoni mpaka kwenye vidole, kama ninavyopima mimi mkono wa koti. Akasema umbali huo ndio utakaokuwa wazi. Zaidi ya hapo ukungu, bila miwani. Mtu akiwa ng'ambo ya barabara hutajua ni nani. Akasema nifikiri vizuri, maana lenzi ikishaingia kuitoa ni hatari, si kama kufumua mshono. Nikasema nimefikiri tangu kabla hajanijua.

Lenzi ya mbali inarudishwa. Nyingine inaagizwa Kigali. Tarehe imesogezwa hadi tarehe 17.

Jumanne, 8 Julai

Aimé alikuja amevimba. Hospitali imempigia simu kumwambia tarehe imebadilika na kwa nini. Alisema nimemfanya aonekane mtu asiye na sauti nyumbani. Nilisema yeye amenifanya nionekane mtu asiye na kichwa. Aligonga meza.

“Motokari ikikugonga, utashona nini?”

Nilimwambia atoke. Akatoka. Sufuria ya ugali aliyoniletea kutoka kwake ilibaki mezani na sikuigusa mpaka ikapoa.

Baba yake alifia barabarani, chini ya lori, mteremko ule ule. Najua anachoogopa. Sikumwambia kwamba najua. Nilikuwa na hasira na hasira ilikuwa na haki yake.

Jumatatu, 14 Julai

Hatusemezani. Vumbi la kiangazi limejaa kila kitu, hata uzi unatoka na vumbi kwenye kibiringo. Nimefunga duka mapema. Naogopa. Nimeogopa siku nzima na hakuna mtu wa kumkaripia.

Alhamisi, 17 Julai

Lazima mgonjwa awe na wa kumsindikiza. Nilipanga kumlipa jirani. Nilipofungua mlango asubuhi, Aimé alikuwa kwenye ngazi. Hospitali alinivua viatu akavishika mapajani muda wote, sijui kwa nini asiviweke chini.

Kabla ya kulazwa daktari aliniambia nikae wima, niangalie mbele, akaniwekea alama za wino kwenye jicho lenyewe. Ukilala jicho huzunguka kidogo, akasema, na alama ndiyo itakayomwonyesha lenzi ilale wapi. Chaki kabla ya mkasi. Hapo nilimwamini.

Maumivu hakuna. Kitambaa usoni chenye tundu moja, mwanga mweupe, maji yanayotiririka sikioni, sauti yake ikiomba vyombo. Nilisali vibaya, nikirudia mwanzo wa sala ile ile. Kisha akasema imekaa.

Nimefungwa bandeji. Naandika kwa jicho la kulia, mistari inapanda mlima.

Ijumaa, 18 Julai

Bandeji imetoka. Kitu cha kwanza nilichoona ni mkono wangu. Ulikuwa mapajani. Una madoa ambayo sikuwahi kutambulishwa kwayo. Kovu la sindano ya cherehani kwenye kucha, lile la mwaka nilioolewa, lipo pale pale, jeupe, lina kingo.

Daktari amefurahi, lenzi imelala kwenye mstari wake. Nimesoma maandishi madogo ya chupa ya matone mpaka jina la kiwanda. Herufi hazina vivuli.

Aimé alikuwa ukutani, mrefu, wa kijivu. Aliuliza kama namwona. Nilisema kiasi. Sikumwambia asogee, bado sijamsamehe.

Masharti: nisiiname, nisiingie moshini, nisisugue, matone asubuhi, mchana na jioni. Jicho la kulia litasubiri mpaka mwezi wa tisa.

Jumamosi, 26 Julai

Nimefunga duka kwa komeo.

Béatrice alinitumia sare yake niipanue mbavu kabla ya Jumapili ya tarehe tatu. Kazi ndogo, ya kukaa wima, dirishani. Nimeigeuza ndani nje. Nilitaka kufurahi tu, kuangalia mishono yangu kwa jicho jipya.

Mshono wangu wa pindo umeacha ukingo. Unaanza vizuri, kisha unatoka nje ya kitambaa kabisa, unashona hewa, unarudi, unatoka tena. Kwapa limeshikwa kwa nyuzi chache. Nguo hii ingemwachia mwili katikati ya misa.

Haikumwachia. Kando ya mshono wangu kuna mwingine, wa mkono. Mishono midogo, ya karibu karibu, yenye subira. Yote imelala kushoto. Namjua mtu mmoja tu anayeshona hivyo. Nilimfundisha mimi na nilishindwa kumbadilisha mkono.

Nimetoa kila nguo iliyoletwa kwa marekebisho. Blauzi ya mke wa katekista: kushoto. Sketi mbili za kwaya: kushoto. Nikampigia Béatrice simu nikamuuliza kwa ukali. Akajaribu kuzunguka, akashindwa. Kila nguo ikitoka kwangu, wanaipeleka Nkanka kwa Espérance. Ni zaidi ya mwaka. Hachukui kitu. Aliwakataza wasiseme.

Kwa hiyo walijua wote. Nilipokuwa naficha kiwaya kwenye kopo la vifungo, kanisa zima lilikuwa linanificha mimi.

Kwanza nilikasirika. Wamenifanya mtoto. Nilitupa blauzi sakafuni, kisha nikakumbuka siruhusiwi kuinama, ikabaki pale. Aibu imekuja baadaye, wakati wa matone ya jioni, na haijaondoka.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda misa. Nimesingizia vumbi.

Bengine batashona. Alikuwa tayari anashona.

Jumanne, 29 Julai

Aimé alileta maziwa. Nilimwambia asogee. Akasogea. Ana mvi kwenye ndevu, upande mmoja. Nikamwambia barabarani nitapita naye au na mtu mwingine mpaka nipate miwani ya mbali, na kwamba najua ni mteremko gani unaomwamsha usiku. Alikaa mpaka maziwa yakachemka, akayaondoa motoni yeye, kwa sababu ya moshi.

Jumapili, 3 Agosti

Sare tena. Bluu na njano kutoka getini mpaka ukutani. Kwa mbali ni kitu kimoja tu. Miwani bado, jicho linatakiwa litulie kwanza.

Nikaanza na wa kwanza niliyemfikia. Nikamkumbatia, kichwa upande huu, kichwa upande ule, nikamwangalia. Béatrice. Nikaenda kwa wa pili. Kwa umbali wa kukumbatiana jicho hili linaona kila kitu, poda, kovu, jino lililopungua. Nilipochagua sikuwaza hilo. Niliwaza sindano.

Nimewasalimia wote, mmoja mmoja. Espérance alikuwa wa mwisho, kando ya ukuta. Hakuja. Mimi ndiye mkubwa. Nikaenda, nikaanza mimi, na nilijua wanatuangalia.

Amezeeka. Hakuna aliyeniambia. Nilishika mkono wake wa kushoto badala ya wa kulia, nikaugeuza. Ncha ya kidole cha kati imejaa vitobo vya sindano.

Akasema kwa sauti ya chini: “Nilijuaka kama hauone. Nilikuwa nangojea uniambie mwenyewe. Na wewe ukasema uliniona.”

“Sikukuona,” nikasema. Nilisema kwa sauti, wasikie na wa nyuma. “Siku ile sikukuona, wifi. Sikuwa naona mtu.”

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na daktari alikuwa hajasema lolote kuhusu hilo.

Baada ya misa amekuja nyumbani. Amekula, amekaa dirishani kwenye kigoda cha wateja. Sare ya Béatrice ilikuwa mezani, bado mbavu moja. Nimemwambia mishono yake inalala. Akasema imelala tangu Bukavu na hakuna nguo iliyoanguka. Aimé aliuliza jicho la kulia litakuwa la mbali au la karibu. Tukamwambia wote wawili anyamaze.

Nimemtungia sindano ya kwanza mimi. Uzi umeingia.